Juu ya Mikosi ya Ng'ombe na Maziwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila aliyelelewa karibu na zizi amelisikia, yaani mkosi wa ng'ombe. Ng'ombe aliyejaza kibuyu jana, leo hatoi hata kikombe. Maziwa yasukwasukwa tangu alfajiri hata jua limepanda, na siagi haitoki. Ndama aliyekuwa akirukaruka juzi aonekana amelala, masikio yameinama, povu lamtoka puani. Hapo mwenye mali hutikisa kichwa, na neno husemwa kwa sauti ya chini: "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mkono wa mtu: maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyapima leo. Lau yangekuwa maneno tu, tungeyaacha yapite pamoja na mengine mengi yasemwayo jioni penye moto. Lakini katika nchi ya Usukuma, na hasa Shinyanga na Geita, maneno hayo yameua. Kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na walio wengi waliuawa katika mikoa wanamokaa Wasukuma. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na mara nyingi sana aliyeuawa alikuwa bibi kizee. Basi si jambo la kuchekesha, ijapokuwa katika mazungumzo yetu yatatokea mambo ya kuchekesha kidogo.

Kwanza yatupasa kuwa waadilifu kwa wazee wetu. Si kila mwiko wa zizini ni upuuzi. Mathalani, katika makabila mengi ya wafugaji mama wa nyumba haridhiki kukiosha kibuyu cha maziwa kwa maji tu, bali hukifukiza kwa kijinga cha moto cha mti maalum, na ukimwuliza sababu atasema kwamba ndiyo desturi, na kwamba kibuyu kisichofukizwa huharibu maziwa. Ni kweli kabisa. Moto na moshi huua vijidudu vilivyojificha ndani ya kibuyu, mahali ambapo mkono haufiki, nayo maziwa hukaa siku nyingi zaidi na kupata harufu nzuri. Mama huyo hakusoma elimu ya vijidudu, lakini alitazama, akakumbuka, akamfundisha binti yake.

Tena kuna mwiko wa kuhesabu. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, Wamasai na Wakamba miongoni mwao, hawakupenda kuhesabu ng'ombe wao kwa kuwanyoshea kidole, wakiogopa kwamba kundi litapungua. Mzee alimjua kila ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake, na jioni akisimama mlangoni mwa zizi alitambua mara moja nani hayupo, bila ya kutaja namba hata moja. Na tukikumbuka kwamba siku za ukoloni mtu aliyehesabiwa ng'ombe wake aliweza kutozwa kodi juu yao, au kuamriwa kuwapunguza, hatuwezi kumcheka sana mzee aliyejibu kwamba wake ni wachache tu.

Miiko mingine ilimsumbua hata mgeni. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, nchi ya mfalme Rumanika, magharibi ya Ziwa kubwa, akaona ng'ombe wengi mno, lakini maziwa hakuweza kuyapata. Aliambiwa kwamba mtu alaye nguruwe, samaki, kuku, au maharage, akionja maziwa yao, ng'ombe watadhurika. Twaweza kumwona akilini, msafiri mwenye bunduki na shanga za kununulia kila kitu, amesimama kati ya ng'ombe na kikombe kitupu mkononi! Mwiko huo haukumwua mtu. Lakini uko mwiko uliozoewa katika baadhi ya makabila ya Uganda, wa kutochemsha maziwa kwa kudhani kwamba ng'ombe atakauka, ambao hatuwezi kuusifu, kwa sababu maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa humpitishia mtu kifua kikuu na ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa mwanadamu huwa homa ya kurudiarudia na maumivu ya viungo. Maziwa yachemshwe. Ng'ombe hana habari ya sufuria.

Sasa tusidhani kwamba mambo haya ni ya Mwafrika peke yake. Magharibi ya Uingereza kipo kisiwa kiitwacho Ireland, nchi ya mvua na majani mabichi, ambako tangu kale utajiri wa mtu ulikuwa ng'ombe wake, kama ulivyo Usukumani. Zamani hata fidia ya makosa kwao ilihesabiwa kwa ng'ombe wa maziwa. Nao Waireland walikuwa na hofu kubwa ya wezi wa maziwa. Hatusemi wezi wa kuingia zizini usiku, bali wezi wa kuchukua neema ya maziwa kwa uchawi, wakamwachia mwenyewe maji matupu. Siku ya hatari kuliko zote ilikuwa tarehe 1 Mei, siku ambayo majani huanza kunawiri huko. Siku hiyo mtu hakukubali kutoa nje ya nyumba yake kaa la moto, wala maziwa, hata kwa jirani, kwa maana pamoja na hicho kitu ingetoka bahati ya mwaka mzima. Mwanamke aliyeonekana alfajiri akikusanya umande kwa kitambaa katika malisho ya mwenziwe alishukiwa mara moja. Chombo cha kusukia maziwa kilifungwa kijiti cha mti waliouamini, na mgeni aliyeingia nyumbani wakati maziwa yanasukwa ilimpasa kushika mti na kusuka kidogo, ili asiondoke na siagi.

Walisimulia pia habari ya sungura. Mkulima aona sungura ananyonya ng'ombe wake asubuhi ya siku hiyo ya Mei, ampiga, amjeruhi mguu, na mbwa wamfuata mpaka kwenye kijumba. Wakiingia ndani hawaoni sungura, ila bibi kizee amejilaza, na mguu wake watoka damu. Ninyi mliozaliwa Shinyanga mtatabasamu, kwa kuwa mmesimuliwa habari kama hiyo, isipokuwa kwetu mnyama ni fisi, na husemwa kwamba wachawi humfuga na kumpanda usiku. Sungura kule, fisi huku. Lakini tazameni nani yumo ndani ya nyumba mwisho wa hadithi zote mbili. Ni mwanamke mzee, maskini, akaaye peke yake.

Na kule nako hofu za namna hii zilimwaga damu. Mwezi wa Machi mwaka 1895, katika jimbo la Tipperary, mwanamke kijana aitwaye Bridget Cleary aliugua, na mumewe akaamini kwamba huyo aliye kitandani si mkewe, bali ni kiumbe cha majini kilichowekwa mahali pake. Alimchoma moto hata akafa, na jamaa walikuwapo nyumbani. Mume alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hapo kisiwa chenyewe kilikuwa na reli, magazeti, na shule katika kila wilaya.

Basi turudi zizini, tutazame kwa utulivu kwa nini maziwa hukauka.

Maziwa hayakai katika kiwele kama maji katika mtungi, kwamba ukitoboa yatamwagika. Hapana budi ng'ombe ayaachilie mwenyewe. Ndama akianza kunyonya, au mkamaji aliyezoewa akimgusa kwa upole, ubongo wa ng'ombe hutoa kitu kiitwacho oksitosini, ambacho hupita katika damu mpaka kiweleni na kuyasukuma maziwa yashuke chuchuni. Lakini ng'ombe akiogopa, akipigwa, akibwekewa na mbwa, au akisimamiwa na mtu asiyemjua, mwili wake hutoa kitu kingine, adrenalini, ambacho huizuia kazi ya kile cha kwanza, na maziwa hubaki juu. Kwa hiyo wazee waliosema kwamba mgeni akisimama penye kukamwa maziwa hupungua, hawakuota ndoto. Waliona sawasawa. Mgeni kweli alipunguza maziwa, lakini kwa kofia yake, na sauti yake, na harufu yake, wala si kwa kijicho. Akae mbali kidogo mpaka kazi iishe, kisha akaribishwe maziwa.

Ng'ombe wetu wa asili, wale wenye nundu, wana tabia hii kuliko ng'ombe wa Ulaya. Wengi wao hawatoi maziwa kabisa ikiwa ndama hayupo karibu. Ndama akifa usiku, asubuhi mama yake hukataa kukamwa, na mwenye mali huona misiba miwili mahali pa mmoja, aseme kwamba amerogwa kweli kweli. Wafugaji wa zamani walilijua jambo hilo, wakamchuna ndama aliyekufa, wakaijaza ngozi yake majani, wakaiweka mbele ya mama ailambe. Naye akaachilia maziwa. Twaona basi kwamba mfugaji yule yule aliyeogopa uchawi alijua pia kumsaidia ng'ombe aliyefiwa, na hakumwita mganga kwa kazi hiyo.

Sababu nyingine ni za kila siku. Kiwele kikipigwa au kikiingiwa na vijidudu huvimba, huwa cha moto, na maziwa hutoka mabonge au na damu. Damu ndani ya maziwa humtisha mtu sana, nasi hatumlaumu, lakini ni ugonjwa wa kiwele, na una dawa. Na mwezi wa Septemba, majani ya Shinyanga yakiwa makavu kama karatasi na maji yako mbali, ng'ombe atatengeneza maziwa kwa kitu gani? Kuhusu siagi, jambo kubwa ni joto. Maziwa yakiwa baridi mno, au ya moto mno, mafuta hayashikamani hata ukisuka mpaka magharibi. Waireland wa zamani, siagi ilipokataa, walitia chombo chao chuma kilichopashwa moto ili kumwunguza mchawi, na mara nyingi siagi ilitoka. Katika nchi ya baridi kama ile, wewe mwanafunzi wa sayansi waweza kueleza mwenyewe chuma kile kilifanya kazi gani.

Chuoni, tulipokuwa tukiyafundisha mambo haya, kijana mmoja aliyetoka upande wa Geita alisimama akasema, "Mwalimu, nimekubali kwamba ni kupe. Lakini kupe wako kila mahali. Mbona wamewaua ng'ombe wa baba yangu, wasiwaue wa jirani, na mazizi yetu yamepakana?" Darasa zima lilinyamaza. Swali lile halikuwa la mjinga. Ndilo hasa swali ambalo watu humpelekea mganga, naye hulijibu. Humpasua kuku, akatazama ndani, kisha akauliza nani amegombana na nani. Mwalimu asiyelijibu asitazamie kwamba watu watamwacha mganga kwa ajili yake.

Jibu lipo, nalo ni hili. Ugonjwa unaoua ng'ombe wengi namna hiyo ni ndigana kali. Huletwa na kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, nacho huchukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya masikio. Kupe humnyonya ng'ombe mmoja akiwa mdogo, huanguka majanini, hujivua, kisha humpanda ng'ombe mwingine na kumpa alichokichukua kwa wa kwanza. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi huwa fupi, na mwisho povu hutoka puani. Sasa sikilizeni vizuri. Ndama wa asili aliyezaliwa mahali penye kupe, akiumwa angali mdogo, aweza kuugua kidogo tu akapona, na tangu siku hiyo mwili wake huwa na kinga. Jirani yule, ambaye ng'ombe wake wamekaa hapo tangu babu yake, ana kundi zima lenye kinga. Lakini baba ya kijana wetu alinunua ng'ombe mnadani, waliotoka nchi kavu isiyo na kupe wengi, akawaleta Geita penye mvua na vichaka. Kwao kila kupe alikuwa mgeni. Hufa hivyo hivyo ng'ombe walioogeshwa joshoni miaka mingi, kisha josho likaharibika au dawa ikakosekana. Na ng'ombe chotara wa maziwa mengi hufa upesi kuliko wote.

Wala hayo siyo yote. Tangu kupe aume mpaka ng'ombe aonekane mgonjwa hupita siku nane, au majuma mawili, pengine hata matatu. Mwenye mali hawezi kukumbuka kupe wa majuma mawili yaliyopita, lakini amkumbuka sana bibi yule aliyepita jana kuomba maziwa akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Hivyo kosa la kupe wa mwezi uliopita hutwikwa mtu wa jana. Watu hupenda kusema, kikulacho ki nguoni mwako, wakimkusudia ndugu au jirani. Methali ni ya kweli, lakini tungeomba watu waanze kupekua ndani ya sikio la ng'ombe kabla ya kupekua nyumba ya jirani.

Kijana yule aliketi. Baadaye alituambia kwamba aliyetajwa na mganga kwao alikuwa shangazi ya baba yake, mjane, na kwamba alikimbia usiku akaenda kukaa kwa binti yake mbali. Shamba lake likagawanywa. Hatukumwuliza zaidi. Ila twawaambia ninyi wasikizaji jambo ambalo wengi walijua na hawalisemi: mara nyingi nyuma ya neno uchawi pana shamba, na mwenye shamba hilo ni mwanamke asiye na mume wala mwana wa kumtetea.

Na alama yake hujulikana nini? Macho mekundu. Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, kwa kuwa historia ya macho hayo ni historia ya ng'ombe wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa msitu, na ndani yake walijaa mbung'o, wale nzi wanaoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mwingereza Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza kituo cha uchunguzi wa mbung'o hapo Shinyanga mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alitambua kwamba mbung'o wa kule hawawezi kuishi bila ya kivuli cha miti. Basi watemi, na maarufu miongoni mwao Makwaia wa Usiha, waliwaita watu wao, wakatoka kwa maelfu na mashoka, wakafyeka. Ilikuwa kazi ya watu wote pamoja, kama walivyozoea Wasukuma. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe waliongezeka, na mahali pa vichaka pakawa mashamba ya pamba na malisho. Hatuthubutu kuwalaumu waliofanya hivyo. Waliokoa mali na roho za watu. Lakini shoka halikukoma. Pamba ilitaka mashamba zaidi, ng'ombe walikula miche, na kufika miaka ya 1980 ziliko sehemu za Shinyanga ambapo mtu aliweza kusimama mlangoni pake akatazama mpaka upeo wa macho asione mti wa kumtosha kivuli.

Sasa mwanamke apike kwa nini? Mwenye nguvu alikwenda mwendo wa nusu siku kutafuta kuni. Mzee asiyeweza kwenda aliokota samadi iliyokauka na mabua ya pamba, akavitia jikoni, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Moshi wa samadi ni mzito, tena huwasha. Mtu aliyeinamia moshi huo asubuhi na jioni kwa miaka arobaini, akiwapikia watoto, kisha wajukuu, macho yake yatakuwa na rangi gani? Ongezeni vumbi la kiangazi, na nzi wa zizini wanaochukua ugonjwa wa trakoma kutoka jicho hadi jicho, ambao huyafanya macho kuwa mekundu, huzipinda kope kwa ndani, na mwisho hupofusha. Bibi huyo ndiye aliyeambiwa kwamba ana macho ya kichawi. Yaliwiva kwa moshi wa samadi ya ng'ombe wale wale aliodaiwa kuwaroga.

Serikali ilijaribu nguvu. Mwaka 1976 ulifanywa msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa, na baadhi yao walifia mikononi mwa askari kwa mateso. Kwa ajili ya hayo Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye baadaye alikuwa Rais, alijiuzulu mwaka 1977. Mauaji ya vikongwe hayakukoma. Iko pia Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na imefunga watu; lakini askari hufika baada ya panga.

Tulisema tutagusa Geita, nasi twaigusa kwa huzuni. Kule watu wengi waliacha fimbo ya kuchungia wakashika sururu ya kuchimbia dhahabu. Dhahabu ni kama ng'ombe kwa jambo moja, kwamba wawili huchimba mashimo yaliyopakana, mmoja akatajirika na mwenziwe akatoka na udongo. Mbona yeye, si mimi? Swali ni lile lile la kijana wetu, nao waganga wakaja na jibu la kutisha kuliko la kwanza. Tangu miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino, na watoto hasa, waliwindwa katika mikoa ya Ziwa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na ya samaki. Mwezi wa Januari mwaka 2009 serikali ilizifuta leseni za waganga, na mwezi wa Septemba mwaka huo mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu wauaji kunyongwa. Pale Buhangija, Shinyanga, shule ikageuka kuwa kimbilio la watoto ambao hawakuweza kulala kwao kwa amani. Mwamba wenye dhahabu uliwekwa ardhini kabla mwanadamu hajakuwapo, na mshipa wake hupita unakopita. Mpimaji wa miamba aweza kuufuata kwa vyombo vyake, naye hukosea mara nyingi, lakini mfupa wa mtoto haujui kitu juu yake.

Huenda mtu atauliza, hofu za Waireland zilikwenda wapi? Mapadre walizikemea miaka mingi, na wenye elimu walizicheka miaka mingi, nazo zilibaki. Lakini mwaka 1889, katika mji mdogo wa Dromcollogher, wakulima walifungua kiwanda cha ushirika cha siagi, na vingine vikafuata kwa mamia. Mkulima akapeleka maziwa yake kila asubuhi. Yakapimwa, yakatengwa kwa mashine, akalipwa kwa kadiri ya maziwa yake. Siagi ikikosekana, palikuwa na mtu wa kuulizwa na kipimo cha kutazamwa. Mti wa kusukia ukawekwa darini, na mwizi wa siagi akabaki katika hadithi za kuwafurahisha watoto.

Kwetu vyombo vya kulijibu swali hilo vipo. Bwana mifugo aweza kuchukua damu kidogo kutoka sikio la ng'ombe mgonjwa na maji ya tezi iliyovimba, akaipaka kiooni, na kwa darubini kidudu cha ndigana kikaonekana kwa macho ya mwenye mali mwenyewe. Chanjo ya ndigana kali ipo, sindano moja kwa ndama, na kinga yake hudumu miaka mingi. Na miti imerudi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ambao haukuleta desturi ngeni, bali uliamsha ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili iwafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Walipozifunga, mashina ya zamani yaliyokuwa hai chini ya udongo yalichipua. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa hivyo, na wanawake wakapata kuni karibu na nyumba.

Kuni nzuri zapunguza moshi, lakini haziuondoi, kwa hiyo twamaliza kwa jiko. Wanafunzi walio na bibi nyumbani waweza kulijenga wakati wa likizo. Chukueni udongo wa kichuguu, mchanganye na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo na maji kiasi, mkande kama unga wa ugali. Mjenge ukutani, mlango wa kuni mbele, matundu mawili ya vyungu juu, na nyuma mwache njia ya moshi ipandayo mpaka nje ya paa. Likaushwe pole pole kivulini kwa majuma mawili au matatu, na nyufa zikitokea zipakwe udongo ule ule. Kisha tobueni dirisha upande ambao upepo hautoki.